Naomba Nami Nishtakiwe

Mwanapili Mwinyi,
Jikoni, Ofisi za Baraza la Mji wa Mtambwani.
Jumanne, 14 Julai 1998.

Kwa Mheshimiwa Mbwana Kombe,
Mwenyekiti wa Baraza.

Mheshimiwa na ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikitumai u mzima, na kwamba goti lako la kulia limetulia tangu ile mvua ya mwaka jana iliyokataa kwisha. Je, ile dawa ya mwarubaini niliyokuchemshia waimeza, au waimwaga kwenye chungu cha maua kilicho dirishani? Nauliza kwa sababu maua yamenyauka. Bi Mwanafatuma, mama yako mzazi, mpe shikamoo yangu, umwambie zile ndizi alizonipa siku ya Maulidi zilikuwa tamu mno. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila mgongo, na mgongo si ugonjwa, ni umri.

Najua utastaajabu kupata barua ya mtu aliye milango miwili kutoka mezani kwako, ambaye kila siku saa nne hukuletea chai. Ningeweza kusema kwa mdomo. Lakini katika ofisi hii neno likija kwa mdomo huambiwa, "Leta kwa maandishi," na likija kwa maandishi huambiwa, "Njoo tuzungumze." Nimeona nianze na maandishi, ili nikiitwa kuzungumza niwe nimekwisha kupiga hatua moja.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 23, baraza litakaa kumthibitisha Mheshimiwa Rashad Mangi, aliyekuwa Naibu wako mpaka Disemba iliyopita, awe Mlezi wa Kituo cha Ushonaji cha Wasichana. Wasichana wenyewe ni arubaini na mmoja, na mdogo wao ana miaka kumi na minne. Tangazo nimelisoma ubaoni mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Na Bushra, karani wako, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe tangu hajaota meno, ambaye barua yake ya kumlalamikia huyo huyo Mheshimiwa Rashad iko kabatini mwako tangu Oktoba, yuko kisiwani Funzi anahesabu mashua.

Mambo haya mawili nimeyafikiri kwa pamoja nikingoja maji yachemke, nikapata elimu ambayo darasa la nne, nilipoishia mimi, haikuwapo. Nimegundua jinsi watu wanavyopanda vyeo katika baraza hili. Nami nimekaa mno chini. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba nishtakiwe.

Usicheke kwanza. Nakupa ushahidi kwa nambari, kwa sababu Bwana Kimanzi, mhasibu wetu, ameniambia barua isiyo na nambari watu wakubwa huisoma kama salamu.

1. Mbithe. Wamjua, mke wa Kivuva, yule mama wa kanisani anayeleta nyanya na kunde sokoni kutoka kule skimu ya mashamba. Mwaka 1993 alikuletea barua aliyoandikiwa na mumewe, kwamba Mheshimiwa Rashad, wakati huo mkuu wa kamati ya soko, akija kukagua vibanda humkagua na mwenye kibanda. Nilikuwa nikigawa mahamri nikamsikia akisema, "Mzani wangu aliuangalia kwa macho. Mimi aliniangalia kwa mikono." Wazee watatu uliowaita wakakohoa. Wewe ukaiweka barua chini ya kikombe, haijafunguliwa, ukasema, "Mama Kivuva, sisi sote ni ndugu hapa. Tuinueni mikono." Ikasomwa Fatiha.

Sasa hapo, Mheshimiwa, ndipo palipotokea jambo ambalo mpaka leo likinijia nacheka na roho yaniuma. Kwetu sisi Fatiha ikishasomwa baada ya suluhu, jambo limekwisha, wala halifukuliwi. Lakini kule kwao kanisani mkutano huanza kwa maombi. Mbithe akafumba macho, akainamisha kichwa, akaitikia Amina kwa sauti kuliko wazee wote, kisha akajiweka sawa kitini, akakunjua karatasi aliyoandikiwa mambo yake ya kusema. Alipoinua uso chumbani tulikuwa wawili, yeye, na mimi nikikusanya vikombe. Akaniuliza, "Bi Mwanapili, sasa wanaanza saa ngapi?" Nikamwambia, "Mwenzangu, wamekwisha."

Matokeo yake: kibanda cha Mbithe kikahamishiwa karibu na wapara-samaki, ati asisumbuliwe tena, na kweli hasumbuliwi, hata na wateja. Mheshimiwa Rashad akapewa baiskeli mpya ya baraza, ili akague upesi upesi asikawie kwenye kibanda kimoja.

2. Winrose. Huyu alikuwa mpiga chapa wetu, mtoto wa bara, mwepesi wa vidole na wa ulimi. Mwaka 1995 alinijia jikoni mara nyingi kabla ya kuandika. "Mathe," akaniambia, "huyu buda Rashad kila barua lazima mlango ufungwe. Barua ya mitaro! Siri gani iko kwa mitaro?" Nikamwambia aandike. Akaandika kwa mashine, ukurasa mmoja, hauna kosa hata moja. Wewe uliposikia neno mlango hukuifungua bahasha, ukaunda kamati ya uchunguzi. Kamati ikamwita seremala. Seremala akachunguza mlango siku mbili, na kumbukumbu za kikao zikasema kuwa tatizo limeonekana kuwa ni la mlango. Ukatiwa kitasa kipya chenye funguo mbili, zote mbili akapewa Mheshimiwa Rashad. Wiki tatu baadaye akawa Naibu Mwenyekiti, kwa kuwa ofisi yenye mlango mzuri namna ile haikufaa kukaliwa na mtu wa cheo kidogo.

Winrose akapelekwa Matuga awe mwakilishi wetu. Mpaka leo hapana ajuaye alituwakilisha kwa nani. Siku hizi yuko Diani katika hoteli moja, anaandika majina ya wageni, na amenituma nikuulize kama kitasa chafanya kazi.

3. Bushra. Nataka nisiandike mengi hapa kwa sababu karatasi hii ni ya baraza, haifai kulowa. Oktoba, mvua ikiwa imekata barabara na ofisi nzima tukiingia kwa kuvua viatu, Bushra alikuletea bahasha. Mwandiko wake waujua, ndiye aliyekuandikia majina ya waliokosa makazi bila kumsahau hata mmoja. Kurasa tatu. Yaliyomo sitakwambia. Yamo humo, na bahasha hufunguka upande wa juu.

Ulichofanya nilikiona, kwa kuwa nilikuwa nimesimama na birika. Uliiweka bahasha mezani, ukaweka kiganja juu yake, ukasema, "Tusitiriane, watoto wangu. Muislamu ni sitara ya mwenziwe. Al-Fatiha!" Haijafunguliwa, Mheshimiwa! Hata maiti huoshwa kwanza. Mimi Fatiha naisoma kila siku si chini ya mara kumi na saba, na nijuavyo ni maneno ya Mwenyezi Mungu ya kumwomba atuongoze njia iliyonyooka. Sikupata kusikia kuwa ni gundi ya bahasha.

Disemba Mheshimiwa Rashad akasema amechoka, hagombei tena. Akafanyiwa karamu ya kumuaga, mbuzi wawili, pilau nikaipika mimi, akafungwa na kilemba. Ukatoa hotuba, ukasema anaondoka na heshima yake yote. Ni kweli. Aliondoka na yake, na ya watu wengine pia. Januari Bushra akapata barua, hiyo ilifunguliwa vizuri, ya kumpeleka Funzi kuhesabu mashua za watalii. Siku nyingi huwa tatu. Moja yao ni ile iletayo maji ya kunywa. Anaziandika katika daftari ambalo hakuna aliyeliuliza. Ijumaa hunijia nyumbani, na mtoto huyu, aliyekuwa akiimba hata akifua, siku hizi havui baibui mpaka nimeusukuma mlango mwenyewe na kumwonyesha komeo.

Nimesema sitaandika mengi.

4. Juu ya sitara. Sipingi sitara, nimefundishwa hivyo chuoni, kwenye Kurani, tangu mdogo. Lakini sitara ni kama shuka. Ukiivuta yote upande mmoja wa kitanda, upande wa pili kuna mtu atalala uchi. Na katika baraza letu shuka hii huvutwa upande mmoja tu, upande wenye kilemba.

5. Sasa twende kwenye ombi langu. Hesabu haina uficho. Lalamiko la kwanza, baiskeli. La pili, unaibu. La tatu, mbuzi wawili, kilemba na ulezi. Mimi nimekuwa hapa miaka kumi na tisa, chini ya wenyeviti watatu, na cheo nilichoingia nacho, cha mpika chai na mfagizi, ndicho hicho hicho. Mwaka 1986 niliahidiwa kuwa Msimamizi wa Usafi. Nimekaa nikijiuliza nimekosa nini. Kumbe ni hilo hasa, sijakosa kitu! Hakuna aliyepata kunishtaki. Na wala mimi binafsi sina lalamiko lolote juu ya Mheshimiwa Rashad, mtu wa jikoni huona migongo ya watu tu. Ninachotaka ni ngazi ile ile aliyopandia yeye.

6. Ili nisikuchoshe kutafuta, mashtaka yangu nimekuandalia:

(a) Nilimshika bega Bwana Kimanzi mbele ya watu, siku alipoletewa habari ya kufiwa na mama yake. Hakuniomba. Mkono wangu nikauacha pale mpaka alipomaliza kulia.

(b) Mkaguzi aliyetoka Nairobi nilimwita "mwanangu," nikamwambia amekonda, aoe.

(c) Mwezi huu wa mpira wa dunia, nilichomoa waya wa televisheni ya ukumbini wakati wa adhuhuri, waheshimiwa madiwani mkitazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake mlikwisha kuyajua. Ukasema, "Bi Mwanapili, wewe si wa kawaida!" Nakuomba uyaandike maneno hayo, yatafaa katika faili.

(d) Hili ndilo zito. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiingia ofisi ya Mheshimiwa Rashad bila kupiga hodi, hasa mlango ukiwa umefungwa na kuna msichana ndani, nikidai kwamba nimesahau kikombe. Vikombe nilivyosahau mle, kwa hesabu yangu, vyapita sabini. Kilipotiwa kitasa kipya nikawa nagonga kwa sinia, tena sinia la bati, mpaka afungue. Alikuwa akinitazama akisema, "Shemeji, kikombe gani tena?" Nami namwambia, "Kile cha jana, Mheshimiwa." Huku ni kumsumbua kiongozi kazini, wala sina la kujitetea.

7. Matokeo ninayotarajia, kwa utaratibu uliouweka mwenyewe. Baiskeli nitaipokea, ingawa na baibui hili nitaisukuma kwa mkono na kuitumia kubebea maji. Unaibu nitaupokea. Karamu naomba ipikwe na mtu mwingine, kwa sababu haipendezi mtu kukoroga pilau ya kuagwa kwake. Na kwa kuwa mtu aliyelalamikiwa juu ya wasichana amepewa wasichana awalee, mimi niliyewakorofisha waheshimiwa madiwani na mpira wao naona nifanywe Mlezi wa Waheshimiwa Madiwani. Nitawalea kwa imani. Nitaanza na kuwafundisha kufungua bahasha.

Tena tusiishie hapo, tuwafae na wenzetu. Mwizi wa kuku apewe banda. Dereva aliyegonga nguzo ya taa apewe nguzo zote za mji. Yule mganga wa Mwabungo aliyempa Mzee Ngala dawa ya tumbo akapofuka siku tatu, huyo tumpe macho ya wilaya nzima.

8. Kuna suala la Funzi pia. Utaratibu wako wataka mlalamishi ahamishwe. Watakaonishtaki mimi, tuseme Bwana Kimanzi na yule mkaguzi, itabidi waende Funzi wakamsaidie Bushra, mmoja ahesabu mashua zinazokuja na mwingine zinazorudi. Lakini nimefikiri mbele zaidi, Mheshimiwa, nikakuogopea. Baraza hili lina wanawake kumi na mmoja. Kituo cha Ushonaji, Mheshimiwa Rashad akishakuwa mlezi, kina arubaini na mmoja. Kila mmoja akiandika barua, na kwa jinsi nimjuavyo mlezi wataandika, wote wataishia Funzi. Ongeza mama zao watakaowafuata, na shangazi, nasi twajua shangazi wa huku haendi mahali peke yake. Kisiwa kitajaa. Watadai kata yao. Watapata diwani wao. Ifikapo mwaka 2002 kura za Funzi zitakuwa nyingi kuliko za bara, na zote za watu wanaojua kuandika barua, na wenye muda, maana mashua ni tatu tu kwa siku. Kiti chako kitachaguliwa kutoka kisiwani, na mimi sitaki ukae uzeeni ukiuliza, "Nilikosa wapi?" ilhali jikoni kwako kulikuwa na mtu aliyekuambia mapema.

Basi, ndugu yangu, hayo ndiyo yangu. Sikuandika kwa hasira. Nimeandika baada ya alasiri, mswala ungali umetandikwa, kwa nia safi ya kutaka maendeleo. Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie Bwana Kimanzi ukimwona kabla yangu, umpe pole kwa (a). Nisalimie mlinzi, na wale wazee watatu wa kikohozi, na seremala. Mheshimiwa Rashad naye umsalimie. Salamu ya Mungu hainyimwi mtu.

Ni mimi mtumishi wako na dada yako katika imani, mwenye birika,

Mwanapili Mwinyi

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua nikaifungua tena. Hapo juu, nambari ya tano, nimeandika kwamba mimi binafsi sina lalamiko. Ni uongo, nami nimeuandika nikiwa na udhu, kwa hiyo yanipasa kuufuta.

Katika kabati lako, chini kabisa, chini ya barua ya Mbithe, kuna bahasha ya kaki isiyo na jina, ya mwaka 1989. Mwandiko wake ni mbaya kwa kuwa nilitumia mkono wa kushoto, usije ukautambua. Mheshimiwa Rashad alikuwa diwani mpya, mimi nilikuwa na miaka arubaini, nikidhani kwamba umri ni ukuta. Siku ulipoisomea Fatiha nilikuwa hapo hapo na sinia, nikaitikia Amina, kwa sababu niliona haya kuwa mtu pekee asiyeitikia. Laiti ningesema siku ile "Fungua kwanza," Mbithe angekuwa na kibanda chake, na Bushra asingekuwa Funzi. Hilo ni langu, si lako, nami nitalijibu kwa Mola wangu.

Kwa hiyo futa yote niliyoomba. Sitaki baiskeli, sitaki unaibu, mbuzi wabaki zizini. Nataka bahasha nne zifunguliwe na kusomwa kwa sauti kabla jina la Rashad Mangi halijatajwa Alhamisi, na Bushra arudishwe mezani kwake. Mbithe amekubali kuja. Winrose ameomba ruhusa kazini. Bushra atakuja na mashua ya asubuhi. Chai ya siku hiyo umtafute mtu mwingine wa kuipika, mimi nitakuwa nimekaa kitini pamoja nao, na sitainuka kukusanya vikombe.

Zimebaki siku tisa. Tafadhali, ndugu yangu, nijibu upesi.